Fedha za Umma Zijenge Nyumba na Mafundi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, mafundi na vijana waliomaliza shule



Nimetakiwa kueleza kama yafaa serikali iwalazimishe wakandarasi wachukue wanagenzi katika kila ujenzi unaolipiwa kwa fedha za umma. Jibu langu ni kwamba yafaa, tena yapasa. Lakini sharti la namna hiyo lisipotungwa kwa uangalifu laweza kugeuka kuwa mlango wa kuwatumikisha vijana kwa ujira mdogo, na mwishowe tukawa tumeharibu tulichokusudia kutengeneza. Kwa hiyo nitaeleza sababu zake, kisha nitaeleza jinsi wenzetu wa nchi nyingine walivyolitunga, kisha tutazame la kufanya hapa kwetu Tanzania.

Kabla ya hayo yote, yanipasa kuungama jambo moja. Sipendi kulisema, lakini bila hilo maneno yangu yatakuwa ya mtu aliyesoma tu.

Kijana aliyeuliza swali

Miaka mingi iliyopita nilikuwa msimamizi wa mafundi katika jengo moja la serikali. Chini yangu alikuwapo kijana mmoja, saidia fundi. Kwa muda wa miezi 11 alichanganya zege, akabeba ndoo, akakata nondo kwa vipimo alivyopewa, na jioni akaosha miiko na mapipa. Alikuwa kijana mwenye akili. Siku moja tukiwa juu ya ghorofa aliniuliza: “Mzee, mbona hapa nondo tumezilaza chini, na pale kwenye roshani tumezipandisha juu?” Nami, kwa kuwa gari la kokoto lilikuwa likingoja na tajiri alitaka zege limwagwe kabla ya saa nane, nilimjibu: “Wewe funga kama ulivyoelekezwa.” Akafunga. Hakuuliza tena.

Kazi ilipokwisha kila mtu alishika njia yake. Baada ya muda kijana yule alianza kuitwa fundi mtaani kwao, kwani watu walijua kwamba alijenga jengo la serikali. Akapewa nyumba ya mtu yenye roshani iliyotokeza nje ya ukuta bila nguzo. Akalaza nondo chini, kama alivyoona zikilazwa katika sakafu nyingi. Siku ya kuondoa mirunda, roshani ile ilikatika kwenye ukuta ikaanguka, na mwenziwe aliyekuwa chini akavunjika mguu.

Ndugu wapendwa, elimu iliyokosekana siku ile ni hii. Zege lina nguvu sana likigandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Nondo huwekwa pale panapovutwa. Sakafu iliyokaa juu ya kuta mbili hulegea katikati, na upande wake wa chini ndio unaovutika. Hivyo nondo zake kuu hukaa chini. Roshani isiyo na nguzo huinama kwenye ncha, na upande wake wa juu ndio unaovutika. Hivyo nondo zake kuu hukaa juu. Ni hayo tu. Kuyaeleza kumenichukua muda usiozidi dakika moja. Nilikuwa na miezi 11, na dakika hiyo sikuitoa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuitoa, kwani sikuwa na chuki na kijana yule, wala sikuwa nikificha ujuzi. Jibu ni kwamba katika mkataba wa jengo lile kila jambo liliandikwa: unene wa nondo, kipimo cha saruji, tarehe ya kumaliza, na fidia ya kila siku ya kuchelewa. Kijana yule hakuandikwa popote. Kwa upande wa mkataba alikuwa mikono miwili ya kubebea ndoo. Na jambo lisiloandikwa, mtu mwenye haraka hulipita.

Kwa nini mkandarasi hafundishi

Wako wanaosema kwamba wakandarasi hawafundishi kwa sababu ni wachoyo. Mimi nimefanya kazi nao na sikubaliani na neno hilo. Wengi wao walifundishwa na watu na wangependa kufundisha. Lakini tazameni jinsi kazi inavyopatikana. Serikali hutangaza zabuni, na mara nyingi kati ya waliotimiza masharti hupewa yule mwenye bei ya chini. Sasa tuseme wakandarasi wawili wanashindana. Wa kwanza amepanga kuwa na vijana sita wa kujifunza. Atawalipa, atapoteza saa za mafundi wake katika kuwaelekeza, na ataharibikiwa na matofali na mbao kadhaa. Gharama hizo ataziweka katika bei yake. Wa pili hakupanga kumfundisha yeyote, na bei yake ikashuka. Kazi atapewa wa pili.

Tena hata wa kwanza akibahatika kuipata kazi, vijana wake wakiisha kuiva, mkandarasi wa pili atawaita kwa kuwaongezea kidogo tu, naye atakuwa amepata mafundi ambao hakuwagharimia. Hivyo mwenye kufundisha huadhibiwa mara mbili: kwanza katika zabuni, pili katika kunyang'anywa mafundi. Katika hali kama hii, kuwahimiza wakandarasi kwa maneno mazuri ni kupoteza wakati.

Hapa ndipo sharti la serikali linapoingia. Kila mwenye kuomba kazi ya umma akilazimika kuwa na wanagenzi kwa kiwango kilekile, gharama ya kufundisha huingia katika bei ya kila mmoja, na hapana anayeshindwa zabuni kwa sababu ya wema wake. Sharti hili halimwonei mkandarasi mwema, lamlinda. Na kwa kuwa serikali ndiyo mteja mkubwa wa majengo, barabara, madaraja na mabwawa, ina haki ya kusema namna inavyotaka kazi yake ifanywe, kama mtu yeyote anavyowaeleza mafundi wanaomjengea nyumba yake.

Mfano wa California

Watu wa jimbo la California, Marekani, wana sheria ya namna hii tangu miaka ya 1930. Imo katika sheria zao za kazi, kifungu cha 1777.5, na imerekebishwa mara nyingi kadiri walivyoona mapungufu yake. Sitawaeleza yote, bali mambo manne ambayo naona ndiyo nguzo zake.

Jambo la kwanza ni kipimo. Katika kazi za umma, mkandarasi mkuu mwenye mkataba wa kuanzia dola 30,000 atakiwa, katika kila aina ya ufundi wenye mafunzo ya uanagenzi, kutoa angalau saa moja ya kazi ya mwanagenzi kwa kila saa tano za kazi ya fundi aliyekamilika. Angalieni kwamba huhesabiwa saa, wala hahesabiwi mtu. Lau wangehesabu watu, mkandarasi angewaleta vijana kumi siku ya ukaguzi, na kesho yake akawarudisha nyumbani. Saa huandikwa katika karatasi za malipo, na karatasi hizo hukaguliwa. Jimbo la Washington nalo huhesabu saa: katika kazi kubwa za serikali ya jimbo hilo, asilimia 15 ya saa zote za kazi zatakiwa zifanywe na wanagenzi.

Jambo la pili ni kwamba mwanagenzi ni wa mpango wa mafunzo, wala si wa mkandarasi. Hili nimeona ndilo la hekima zaidi. Ujenzi wa shule waweza kwisha kwa miezi 14, lakini kumfanya mtu kuwa seremala wa ujenzi huko kwahitaji kama miaka minne, na fundi umeme kama mitano. Kama kijana angefungwa kwa mkandarasi mmoja, kazi ikiisha na mafunzo yangekatika. Kwa hiyo huandikishwa katika mpango uliokubaliwa na serikali, ambao mara nyingi huendeshwa na kamati ya pamoja ya waajiri na chama cha wafanyakazi. Mkandarasi akishatia sahihi mkataba, yampasa kuujulisha mpango huo ndani ya siku 10, na wala asikawie kupita siku ya kwanza ya wafanyakazi wake kuanza kazi. Kisha huomba wanagenzi kwa maandishi, saa 72 kabla ya siku anayowahitaji. Kazi ikiisha kijana hurudi kwenye mpango, akapelekwa kwa mwingine, na daftari lake la saa likiendelea pale lilipoishia.

Jambo la tatu ni ujira. Mwanagenzi hulipwa sehemu ya ujira wa fundi. Kwa kawaida huanza karibu na nusu, kisha hupanda daraja baada ya daraja kadiri anavyojifunza, mpaka afikie ujira kamili. Lakini mkandarasi haruhusiwi kumlipa mtu ujira huo mdogo isipokuwa mtu huyo ameandikishwa kweli katika mpango uliokubaliwa. Asiyeandikishwa, hata mkandarasi amwite mwanagenzi, yampasa alipwe ujira kamili wa kazi anayoifanya. Kwa kanuni hii moja wameziba tundu kubwa, yaani tundu la mtu kuchukua kibarua, akampa jina la mwanafunzi, kisha akampunguzia malipo.

Jambo la nne ni hesabu ya makosa. Mwenye kuvunja sheria hii kwa kujua aweza kutozwa hadi dola 100 kwa kila siku ya kosa, na akirudia ndani ya miaka mitatu, hadi dola 300 kwa siku. Tena aweza kuzuiwa kwa muda asipate kazi za umma. Kwa upande mwingine, sheria haimdai mtu lisilowezekana. Mkandarasi aliyeomba wanagenzi kwa wakati na kwa njia iliyowekwa, kisha asipelekewe yeyote, hahesabiwi kuwa mkosaji. Na katika ujira uliowekwa kwa kila saa ya kazi imo sehemu ndogo ya kugharimia mafunzo, nayo hupelekwa kwenye mfuko wa mafunzo. Hivyo kazi yenyewe ndiyo huwalipia walimu wa mafundi wa kesho.

Ndugu zangu, mambo hayo manne yashikane. Ukiweka kipimo bila mpango wa mafunzo, umeongeza vibarua tu. Ukiweka mpango bila kipimo, vijana watasoma darasani na hawatapata mahali pa kushika mwiko. Ukiviweka vyote viwili bila kulinda ujira, umewapa wakandarasi watu wa bei nafuu. Ukiviweka vyote vitatu bila ukaguzi, umeandika barua nzuri ikatiwa kabatini.

Mlango uwe wazi kwa wote

Sitaki mdhani kwamba Wamarekani hawakukosea. Kwa miaka mingi nafasi za uanagenzi katika miji yao zilikuwa zikirithishwa: baba akamwingiza mwanawe, mjomba akamwingiza mpwawe, na watu weusi wakabaki nje, ilhali wao pia walilipa kodi zilizojenga majengo yale. Mwaka 1963, katika mji wa Philadelphia, watu weusi waliandamana penye ujenzi wa shule ya umma wakidai kwamba hawawezi kutazama shule ya watoto wao ikijengwa na mafundi ambao miongoni mwao mtu wa rangi yao hakubaliwi. Mwaka 1969 serikali ya Marekani ikaweka katika mji huohuo mpango uliowataka wakandarasi wa kazi za serikali kuu waonyeshe malengo ya kuajiri watu weusi katika ufundi ambao walikuwa wamefungiwa.

Nalitaja hili kwa sababu hata sisi tunao ugonjwa huo, ingawa si wa rangi. Nafasi ikipatikana huulizwa: “Ni mtoto wa nani?” Msichana akija na nguo za kazi, watu hucheka. Kijana mwenye ulemavu huambiwa aende akauze vocha. Sharti la uanagenzi lisilosema jinsi vijana wanavyochaguliwa litakuwa urithi wa wachache. Nafasi zitangazwe kwenye mbao za matangazo za kata, ada isiwepo, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe hadharani.

Hali ya hapa kwetu

Ama kuhusu nchi yetu, hatuanzi na mikono mitupu. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Waajiri hulipa kodi ya kuendeleza ufundi stadi, ijulikanayo kama SDL. Bodi ya Usajili wa Makandarasi imekuwapo tangu sheria ya mwaka 1997. VETA pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mtaani bila kuketi darasani, nao wengi wameupokea kwa furaha. Tena sheria ya ununuzi wa umma imekwisha kuikubali kanuni kwamba fedha za umma zaweza kuwekewa sharti kwa manufaa ya jamii, kwani imetenga asilimia 30 kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Anayesema kwamba serikali haiwezi kuweka sharti katika zabuni zake amechelewa, sharti lipo. Tunachoomba ni kuongeza sharti la kufundisha.

Nami nasema kwamba kwetu jambo hili ni jepesi kuliko wengi wanavyofikiri. Nendeni mkatazame ujenzi wowote. Karibu kila fundi mwashi ana saidia fundi wake. Fundi seremala ana kijana wa kushika upande wa pili wa ubao. Mfunga nondo ana wa kumkatia. Mwanagenzi yupo tayari! Amesimama pale tangu asubuhi. Anachokosa ni vitu vitatu: jina lake kuandikwa, daftari la kuonyesha alichojifunza, na mtu anayewajibika kumfundisha. Gharama ya daftari ni ndogo kuliko gharama ya mfuko mmoja wa saruji.

Na katika daftari hilo yaandikwe mambo ya kweli ya kazi. Je, aweza kupima pembe mraba ya msingi kwa kamba, akihesabu 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na 5 kutoka ncha hadi ncha? Je, aweza kusoma ramani na kuonyesha ukuta uko wapi? Je, ajua timazi yamwambia nini na pima maji yamwambia nini? Je, ajua kwa nini zege humwagiliwa maji siku kadhaa baada ya kumwagwa? Je, ajua nondo za roshani hukaa wapi? Kila jambo analoliweza, fundi wake atie sahihi na tarehe. Kazi ikiisha, aende na daftari lake VETA akapimwe.

Yafaa pia tukumbuke kwamba ujenzi mwingi wa umma katika vijiji na kata zetu haufanywi na wakandarasi wakubwa. Serikali hupeleka fedha shuleni au kwenye zahanati, nayo kamati ya ujenzi, ambamo wananchi wenyewe wamo, huwaajiri mafundi wa karibu. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, zilizokuwa shilingi trilioni 1.3, serikali iliamua kujenga madarasa 15,000 kwa muda wa miezi michache. Ilikuwa kazi kubwa, na watoto wengi walipata mahali pa kuketi. Lakini hebu tufanye hesabu ndogo. Lau kwa kila madarasa mawili kungekuwa na kijana mmoja tu aliyeandikwa katika daftari, tungekuwa na vijana 7,500 wenye ukurasa wa kwanza wa ufundi wao. Sisemi wangekuwa mafundi kamili, kwani miezi michache haimfanyi mtu fundi. Nasema wangekuwa wameanza, na jengo lililofuata lingewaendeleza. Badala yake, saidia fundi wengi waliondoka pale kama walivyoingia, isipokuwa mikono imekuwa migumu zaidi.

Majibu kwa wenye shaka

Huenda mtu akasema: “Mwanagenzi atachelewesha kazi.” Ni kweli kwamba siku za kwanza atachelewesha. Lakini fundi anayesimama kila saa kumsahihisha kibarua asiyejua kitu naye huchelewa, na ukuta unaobomolewa kwa kuwa umepinda huchelewesha zaidi.

Mwingine atasema: “Wakandarasi wadogo hawataweza.” Ndiyo sababu sheria ya California haikuigusa mikataba midogo kabisa. Sisi nasi twaweza kuweka kiwango ambacho chini yake mtu halazimishwi, na kwa kazi za kamati za vijiji kutosheka na mwanagenzi mmoja kwa jengo zima.

Mwingine atasema: “Vijana wa siku hizi hawataki kazi ngumu.” Mzee mwenzangu, nami nimewahi kusema hivyo. Kisha nikajiuliza: kijana aliyebeba ndoo kwa miezi 11 bila kuambiwa hata mara moja kwamba kazi hii itamfikisha wapi, je, ni ajabu akienda kuendesha bodaboda? Mtu huvumilia ugumu akiona mwisho wake. Tumwonyeshe daraja za ujira na cheti kinachomngoja, ndipo tumhukumu.

Na wengine wenye kuogopa majengo yanayoanguka watauliza kama hii ndiyo dawa. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na watu 36 wakafariki. Sitathubutu kusema kwamba wanagenzi wangelizuia janga lile; majengo huanguka kwa sababu nyingi, na nyingine ziko juu sana kuliko mwiko wa mwashi. Lakini kila mahali palipo na fundi anayejua kwa nini afanya afanyavyo, pana mtu mmoja zaidi awezaye kusema, “Hapa pana kosa, tusimwage zege.” Asiyejua hawezi kusema neno hilo, na aliyekatazwa kuuliza hawezi kulijua.

Wajibu wetu

Basi, ndugu zangu, tufanye nini wakati tunaingoja sheria? Wale kati yenu mlio wajumbe wa kamati za ujenzi za shule na zahanati, mnao uwezo tangu leo. Mnapoandikiana na fundi, ongezeni mstari mmoja kwamba atakuwa na mwanagenzi kutoka kata hii, jina lake fulani, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya daftari la kijana kuonekana. Hapana anayewakataza. Ninyi wakandarasi, msiungoje mstari huo; ombeni ninyi wenyewe kupitia vyama vyenu kwamba uwe sharti kwa wote, kwani ukiwa kwa wote hautamuumiza yeyote. Ninyi wazazi, msiwaone watoto wenu wamepotea wakishika mwiko. Na ninyi vijana, mkiingia katika ujenzi wowote, hata kama ni wa kubeba maji, ulizeni. Mkijibiwa vibaya, ulizeni kesho tena.

Yule kijana wangu bado yu hai, na yule mwenziwe aliyevunjika mguu bado achechemea. Nilikwenda kuwaona. Sikuwa na la kuwapa, isipokuwa nilikaa na yule kijana chini ya mti nikamchorea kwa kijiti mchangani: sakafu, kuta mbili, kisha roshani, pale panapovutwa na pale panapogandamizwa. Alitazama kwa muda, kisha akasema: “Mzee, kumbe ni hivi tu?”

Ni hivi tu. Neno lile lanisumbua mpaka leo, na ndilo lililonileta mbele yenu.